Njia Moja, Masafa Mawili

Liko neno moja ambalo kila msomaji wa shule amelisikia mara nyingi, hata limekuwa kama salamu ijibiwayo bila kufikiriwa. Neno hilo ni kwamba ulimwengu umekuwa kijiji. Walisemao huwa na ushahidi tayari mkononi. Husema, "Zamani mtu akitaka kwenda Marekani alipanda meli, akatengana na watu wake kwa majuma mengi. Leo hulala Nairobi akaamka New York. Saa kumi na tano tu!" Kisha hunyamaza, kama wakili aliyemaliza kesi yake na kuketi.

Nataka kuifungua kesi hiyo upya mbele yako, msomaji, nawe uwe hakimu. Sikusudii kuzikanusha saa kumi na tano, kwa maana ni za kweli. Nakusudia kuonyesha kwamba hizo ni saa za ndege, wala si saa za msafiri. Na kwamba mtu akupaye muda wa ndege akauita muda wa safari amekupa nusu ya kweli. Wazee walisema kuwa njia ya mwongo ni fupi. Njia hii ya saa kumi na tano imefupishwa mno, nami nashuku ufupi wake.

Tuanze kwa kuwapa wapinzani wetu haki yao. Kutoka kiwanja cha ndege cha Jomo Kenyatta, Nairobi, mpaka kiwanja cha John F. Kennedy, New York, ni kadiri ya kilomita 11,800 kwa njia iliyo fupi kuliko zote. Njia hiyo huwezi kuiona vema katika ramani ya karatasi. Ukipiga mstari ulionyooka juu ya ramani iliyotundikwa ukutani, utapita Nigeria na Mali, uingie baharini upande wa Afrika ya Magharibi. Lakini dunia si karatasi. Chukua tufe la darasani na kipande cha uzi. Bana ncha moja ya uzi Nairobi na nyingine New York, kisha uukaze. Uzi utapanda kaskazini kuliko ulivyodhani: utapita Sudan Kusini, Chad na Niger, utakata jangwa la Algeria, na kutokea baharini katika pwani ya Morocco. Hilo ni somo la kwanza katika jambo hili, nalo ni zuri: ramani yaweza kusema uongo bila kukusudia, na uzi wa senti chache ukaisahihisha.

Sasa gawanya. Ndege kubwa ya abiria huenda kadiri ya kilomita 900 kwa saa. Ukizigawanya kilomita 11,800 kwa 900 utapata saa 13 na dakika chache. Hesabu yako ni sahihi, lakini ndege haitafika kwa saa hizo. Lazima iondoke ardhini polepole na kurejea ardhini polepole. Lazima ifuate njia zilizokubaliwa angani. Na juu ya yote hayo, lazima ipambane na upepo. Katika anga la juu la kaskazini huvuma upepo wenye nguvu utokao magharibi kwenda mashariki. Ndege iendayo New York huukabili kwa uso, na irudiyo Nairobi husukumwa nao mgongoni. Kwa sababu hiyo kwenda huchukua kadiri ya saa 15, na kurudi kadiri ya saa 14. Kilomita ni zile zile, saa ni mbalimbali.

Hata saa ya mkononi haiwezi kuaminiwa katika safari hii. Tuseme ndege imeondoka Nairobi saa tano usiku katika mwezi wa Desemba, ikaruka saa 15. Itakapotua, Nairobi itakuwa saa nane mchana, bali New York itakuwa saa kumi na mbili asubuhi, kwa kuwa majira ya huko yapo nyuma ya yetu kwa saa 8. Mtu atazamaye saa za ukutani peke yake ataapa kuwa safari ilikuwa ya saa 7. Basi tayari tunazo saa 7 za ukutani, saa 13 za daftari, na saa 15 za kiti cha abiria, na zote zinadai kuwa muda wa safari moja.

Haya yote ni kazi ya maumbile, wala sina ugomvi nayo. Upepo una haki kuliko watu wengi. Humchelewesha tajiri na maskini kwa kipimo kimoja, wala haumwulizi abiria pasipoti yake ni ya nchi gani. Kama saa za safari zingaliamuliwa na upepo na kilomita peke yake, ningaliungana na wale wasemao kwamba ulimwengu ni kijiji, nikafunga kinywa changu. Lakini saa nyingi za safari haziamuliwi na upepo. Huamuliwa na watu, nami nitaleta mashahidi.

Shahidi wa kwanza ni wa mbali nasi. Kutoka Helsinki, mji mkuu wa Finland, mpaka Tokyo, ndege zilikuwa zikikata anga la Urusi na kufika kwa kadiri ya saa 9 na nusu. Mwezi wa Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine. Nchi za Ulaya zikazifungia ndege za Urusi anga lao, na Urusi ikazifungia ndege za Ulaya lake. Tangu hapo ndege za Finland zililazimika kuizunguka Urusi, ama kwa upande wa kusini, ama kwa kupita juu ya Ncha ya Kaskazini, na safari ikawa ya kadiri ya saa 13. Nakuuliza, hakimu: je, Tokyo ilihama? Je, Finland ilisogea baharini? Hakuna kilichosogea ila chuki ya watu. Mahali palepale, ndege zilezile, na safari imeongezwa zaidi ya saa tatu kwa vita.

Shahidi wa pili ni wa nyumbani. Ndege za aina ya Boeing 787, zenye nguvu ya kuruka kutoka Nairobi mpaka New York bila kutua, zilianza kufika Kenya mwaka 2014. Lakini safari ya moja kwa moja ilianza tarehe 28 Oktoba 2018. Katika miaka ile minne uwezo wa kuruka ulikuwapo, anga lilikuwapo, na abiria walikuwapo. Nao abiria hao walipitia Ulaya au nchi za Ghuba, wakangoja katika viwanja vya watu, wakafika baada ya saa ishirini na zaidi. Miongoni mwa mambo yaliyokosekana lilikuwa cheti. Wakaguzi wa Marekani walipaswa kwanza kuridhika kwamba serikali yetu inasimamia usalama wa ndege kwa kadiri ya kanuni za mataifa, nao waliridhika mwezi wa Februari 2017. Silaumu ukaguzi huo, kwa kuwa usalama wa abiria si jambo la mzaha. Nasema tu kwamba njia ile ilifupishwa na wafanyakazi waliokaa ofisini wakatengeneza sheria, wakafundisha wakaguzi, wakapanga vitabu vyao. Kalamu ilifupisha njia ambayo injini ilikuwa haijaweza kuifupisha.

Shahidi wa tatu ni wa heshima zaidi, naye natoka katika historia yetu. Mwezi wa Septemba 1959, wakati Kenya ilipokuwa bado chini ya utawala wa Waingereza, vijana 81 walipanda ndege Nairobi kwenda kusoma katika vyuo vya Marekani. Safari yao ilipangwa kwa juhudi za Tom Mboya na rafiki zake wa huko. Hapakuwa na ndege ya siku zile iliyoweza kuruka masafa yale bila kutua njiani, na vijana wale walifika wamechoka. Walishukia New York, katika kiwanja kilichoitwa Idlewild. Mwaka uliofuata wakaenda wengine wengi, na miongoni mwao alikuwamo Wangari Maathai, ambaye mwaka 2004 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Fedha za safari ya mwaka huo wa 1960 zilipopungua, taasisi ya jamaa ya Seneta John F. Kennedy ilitoa dola 100,000. Kennedy akawa rais, akauawa Novemba 1963, na mwezi uliofuata kiwanja cha Idlewild kikapewa jina lake.

Tafakari jambo hilo. Viwanja viwili vya safari yetu vina majina ya marais wawili, na uzi uliowaunganisha wanafunzi wetu na mji ule ulisokotwa na watu kabla ya kuwapo ndege ya kuurukia kwa mruko mmoja. Mwaka 1959 ndege zilikuwa za polepole, lakini watu walikuwa na haraka ya kuwapokea vijana wale. Ndiyo maana nasema kwamba wale 81, pamoja na uchovu wao, waliuona ulimwengu ulio mdogo kuliko ule wanaouona wengi katika siku zetu.

Nami nitakuonyesha sababu. Wazia watu wawili. Wa kwanza ni bibi wa Kakamega, mwalimu aliyestaafu, ambaye binti yake amejifungua mtoto wa kwanza katika mji wa Newark, jirani na New York. Wa pili ni mzee wa Newark, mwalimu aliyestaafu vilevile, anayetamani kuona nyumbu wakivuka mto Mara. Wote wawili wameweka akiba ya nauli. Wote wawili hawana deni wala jinai. Wote wawili watapita anga lile lile, pengine katika ndege ile ile, mmoja akienda na mwingine akija.

Mzee wa Newark hukaa mezani kwake, akajaza maombi ya idhini ya kuingia Kenya kwa njia ya intaneti, kama ilivyowekwa tangu Januari 2024, akalipa ada, akasubiri jibu nyumbani kwake. Hakuna mtu wa kumhoji, wala hakuna afisa wa kumtaka athibitishe kuwa anawapenda wajukuu wake kiasi cha kurudi kwao. Upepo ukimsukuma mgongoni, atakuwa Nairobi baada ya saa 14 za kuruka.

Bibi wa Kakamega hujaza maswali marefu ya maisha yake yote. Hulipa ada ambayo hairudishwi hata akinyimwa viza. Hutafuta siku ya mahojiano, na siku hiyo yaweza kuwa baada ya majuma au miezi. Siku ikifika, husafiri usiku kucha katika basi mpaka Nairobi akiwa amebeba hati ya shamba, barua ya benki na cheti cha ndoa, ili athibitishe kuwa ana kwao. Kisha husimama mbele ya afisa kwa dakika chache. Sheria ya uhamiaji ya Marekani, ambayo msingi wake uliwekwa mwaka 1952, humwamuru afisa yule amchukue mwombaji wa viza ya matembezi kuwa ni mtu anayetaka kuhamia, mpaka yeye mwenyewe athibitishe vinginevyo. Haanzi akiwa mgeni. Huanza akiwa mshukiwa. Nchi zaidi ya arubaini zimesamehewa viza hiyo kwa matembezi mafupi, na katika hizo hapana hata moja ya Afrika.

Bibi alitaka kumpokea mjukuu angali mchanga, amwogeshe na kumbembeleza kama alivyofanyiwa binti yake. Akipewa ruhusa baada ya miezi, huenda akamkuta anatembea. Akinyimwa, masafa baina ya Kakamega na Newark hayana kipimo. Hakuna ndege iliyoundwa wala itakayoundwa iwezayo kuyamaliza. Sasa mwambie bibi huyo kwamba ulimwengu umekuwa kijiji. Mwambie ni saa kumi na tano tu.

Kijiji nakijua, nawe wakijua. Kijijini njia itokayo kwangu kwenda kwako ina urefu ule ule wa njia itokayo kwako kuja kwangu. Kijijini nikija kwako nabisha hodi, nangoja, wewe unasema karibu. Na kesho ukija kwangu unabisha hodi iyo hiyo na kungoja kungoja kule kule. Mahali ambapo mmoja huingia kwa hodi na mwingine huingia kwa kesi, hapo si kijijini. Hapo ni bomani, na tofauti ya kijiji na boma yajulikana na kila mtu aliyewahi kusimama nje ya lango.

Najua kwamba atasimama mtu aseme, "Kila mwenye nyumba ana haki ya mlango. Wapo waliokwenda kwa matembezi wasirudi. Je, wataka Marekani iache mlango wake wazi?" Hoja hii ni ya haki, nami sitaikwepa. Mlango ni haki ya kila nyumba na kila taifa, na wapo wenzetu waliovunja ahadi zao. Lakini nina majibu mawili. Kwanza, kosa la mtu mmoja si deni la jirani zake wote. Mzee wa Newark hakutakiwa kulipia makosa ya wenziwe, basi kwa nini bibi wa Kakamega alipie ya wengine? Pili, mwenye mlango awe na mlango wake, bali asituambie kwamba hakuna ukuta. Nagombana na ukuta, naam. Lakini nagombana zaidi na usemi unaouficha ukuta. Ugonjwa usiotajwa jina haupati dawa.

Wala tusinyooshe kidole ng'ambo ya bahari tu, tukasahau vidole vitatu vinavyotuelekea wenyewe. Mwaka 1999 serikali za Afrika zilifanya mapatano ya Yamoussoukro, katika Côte d'Ivoire, ya kufunguliana anga ili ndege za Afrika ziruke baina ya miji ya Afrika bila vikwazo. Miaka mingi ikapita, hata Januari 2018 Umoja wa Afrika ukalazimika kuzindua mpango mpya wa soko moja la usafiri wa anga, ili kutimiza neno lililokuwa limekwisha kuahidiwa. Katika miaka hiyo Waafrika wengi walikwenda kwa jirani zao kwa kupitia Ulaya au Ghuba, kama mtu aendaye nyumba ya pili kwa kuzunguka mlima. Hata hivyo Benin, Gambia, Rwanda na Seychelles zimewafungulia Waafrika wote milango yao bila viza. Hazikuvamiwa, wala hazikuzama. Mfano huo watosha kuonyesha kuwa jambo lawezekana, na kwamba tunaowadai wengine haki tuna deni la kulipa kwetu.

Sasa nageuka kwako, msomaji, kwa kuwa kesi imefika mwisho na hukumu ni yako. Siku moja mtu atakuuliza ni mbali kiasi gani kutoka Nairobi mpaka New York. Usimjibu kwa tarakimu moja. Mwambie ni kilomita 11,800, na hiyo ni kazi ya Mungu. Mwambie ni saa 15 kwenda na 14 kurudi, na hiyo ni kazi ya mhandisi akishindana na upepo. Kisha mwulize, "Wewe unayeuliza, una pasipoti ya nchi gani?" kwa maana jibu la tatu hutegemea hapo, nalo ni kazi ya watunga sheria.

Katika darasa lako huenda yupo mhandisi wa kesho, atakayepunguza saa moja katika zile kumi na tano, nasi tutamshukuru. Lakini huenda yupo pia mwanasheria, balozi au mbunge wa kesho. Huyo hana haja ya injini. Akitengeneza vema kifungu kimoja cha mapatano baina ya nchi mbili, atakuwa amepunguza miezi, na bibi wa Kakamega atafika Newark kabla mjukuu wake hajaota meno. Ajifunze basi hesabu ya masafa kwa bidii, na asisahau kamwe kwamba sehemu iliyo ndefu kupita zote katika safari haipo angani. Ipo juu ya meza ya mtu, mbele ya kalamu, ikingoja kutiwa sahihi.